Usibaki mlinzi wa viatu: jinsi ya kuingia baharini na mwili ulio nao

Kila likizo ikikaribia, maswali ni yale yale. Nivae nini tumbo lisionekane? Mtu mnene huelea kweli au huzama? Nikipungua kilo 10 nitakuja, mtaningoja? Kijana mwembamba anataka kujua kama kuna saa ambayo ufuo hauna mtu kabisa, maana mbavu zake zinahesabika. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anauliza kama kovu litaonekana nguo ikilowa.

Mombasa ni kisiwa, maji yako kila upande, na bado wako watu wazima wengi hapa ambao mara ya mwisho kuingia baharini walikuwa shule ya msingi. Familia ikienda ufuo wa Pirates Jumapili, wao hubaki mchangani: mkoba mapajani, leso imekunjwa juu ya mkoba kuziba tumbo, viatu vya wenzao vimepangwa mbele yao. Ukiwaita majini wanajibu, "Nendeni tu, mimi nitaangalia vitu." Lakini wanatamani, najua, kwa sababu jioni watu wakikusanya virago ndio wanaonisogelea na maswali haya, kwa sauti ya chini.

Mwongozo huu ni wao, wanawake kwa wanaume. Nauelekeza baharini kwa kuwa ndiko ninakowafundisha wanaoanza, ila hatua zake nyingi zinamfaa pia anayekwepa harusi, anayejificha nyuma kwenye picha, na aliyeacha kucheza mpira tangu alipoongezeka mwili. Nadharia ni fupi: usingoje kuupenda mwili wako ndipo uanze kuishi nao. Woga wa kutazamwa hauishi ukiwa umekaa nyumbani. Hupungua ukiwa ndani ya jambo lenyewe, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi.

Vitu vya kutayarisha

- Wiki tatu au nne. Wapo watakaomaliza kwa wiki moja; usishindane nao.
- Mtu mmoja wa kwenda naye. Awe anajua kuogelea, na asiwe na tabia ya kusema miili ya watu. Binamu anayekuvunja mbavu kwa kuwatania wapita njia hafai kwa kazi hii, hata kama mnapendana sana.
- Nguo za majini (soma hatua ya 4 kabla hujanunua chochote).
- Pea moja ya leso: kipande cha kukalia, kipande cha kujifunga ukitoka majini.
- Viatu vya mpira vinavyoshika kisigino. Chini kuna mawe ya matumbawe na miba, na ukianza kuchechemea utafikiri watu wote wanakutazama.
- Daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Maji ya kunywa na kofia.

Huhitaji mizani wala dayati, na huhitaji kusubiri "mwezi ujao". Ikiwa una kifafa, ugonjwa wa moyo, au kidonda kibichi, muulize daktari kwanza. Aliyejifungua asubiri arobaini iishe, damu ikatike, na kliniki imwambie kwamba kidonda kimefunga.

Hatua ya 1: Andika ulichokiahirisha

Usiandike unachokichukia mwilini. Hicho unakijua kwa moyo. Andika mambo uliyoyaacha kwa sababu yake. Kwa mfano: sijaogelea na watoto wangu. Sikwenda kupamba kwa bi harusi kwa sababu gauni lilinibana. Sipandi boda nikiwa na mtu nyuma. Sivai mikono mifupi hata mwezi wa Februari. Sitaki mume wangu awashe taa.

Chagua moja. Ikiwa umechagua bahari, endelea kama ilivyo hapa. Ikiwa ni jingine, weka hilo mahali pa bahari katika hatua ya 6 hadi ya 9.

Hatua ya 2: Punguza kujikagua

Mwenye wasiwasi wa mwili hujikagua siku nzima bila kujua. Hutupa jicho kwenye kioo cha duka, hufinya nyama ya kiunoni, huvuta blauzi kila anapoinuka, hujilinganisha na aliyesimama mbele yake kwenye feri ya Likoni. Kwa siku mbili tu, kila ukijikamata piga alama daftarini. Usijizuie bado. Siku ya tatu angalia ni mambo gani mawili yamejirudia zaidi, uanze kuacha hayo mawili peke yake.

Mizani itoe chumbani, umpe jirani au uifungie. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya siku kwa sababu ya maji, chumvi, chakula na hedhi. Anayejipima asubuhi na jioni anapima biriani na madafu. Na kile kipimo cha kulinganisha uzito na urefu (BMI), ambacho wengi wanakibeba kama hukumu, kilitokana na hesabu za Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa miaka ya 1830, aliyekuwa akitafuta wastani wa makundi ya watu. Hakuwa daktari na hakuwa akipima afya ya mtu mmoja. Wahudumu wa afya hukitumia pamoja na presha, sukari na mambo mengine, na huko kliniki ndiko mahali pake.

Badala ya kujikagua, mara moja kwa siku simama mbele ya kioo kwa dakika mbili, useme unachokiona bila sifa wala lawama: "Bega la kushoto liko chini kidogo. Kovu la chanjo mkononi. Tumbo linashuka chini ya kitovu. Michirizi ya kahawia, mingine myeupe. Magoti meusi." Ukishtukia umesema "baya" au "limeharibika", rudia sentensi hiyo bila neno hilo.

*Angalia:* usijilazimishe kusema "mimi ni mrembo kuliko wote" ikiwa huamini. Moyo hubishana na maneno hayo papo hapo, unatoka chumbani umeumia zaidi ya ulivyoingia. Kusema kilichopo kunatosha.

Hatua ya 3: Safisha simu

Usisafirie nyota ya mwenzio, zinasema leso zetu, na simu imejaa safari hizo. Ondoa kurasa zote zinazokuacha ukishika tumbo lako, hata kama ni za mtu unayemjua. Unaweza kumnyamazisha bila yeye kujua. Picha nyingi za hapo zimenyooshwa kiuno na kulainishwa ngozi kwa programu. Weka badala yake watu wanaofanya mambo unayoyapenda: wapishi, wavuvi, washonaji, waogeleaji wa kila umbo. Hii ni kazi ya nusu saa.

Hatua ya 4: Nguo

Hapa ndipo watu hukwama kuliko pengine pote, kwa hiyo tuende polepole.

Kwanza jiulize swali moja: *ningekuwa na mwili ninaoutamani, ningevaa hivi?* Ukijibu ndiyo, hiyo ni stara yako na hakuna wa kukuondolea. Funika kichwa, funika mikono, vaa hadi kifundoni, uingie baharini ukiwa na raha zako. Ukijibu hapana, unachokivaa ni woga, na huo ndio tunaoupunguza. Nimeona wanawake wa buibui wakiogelea kwa furaha kubwa, na wanaume, ambao utamaduni wetu wote unawaruhusu kukaa kifua wazi, wakishindwa kuvua shati. Kwa hiyo wingi wa kitambaa si dalili ya chochote. Sababu yako ndiyo ya kuangalia.

Kisha kitambaa. Usiingie na dera. Narudia kwa sababu ndilo kosa la kila wiki: dera hupanda juu likijaa hewa, halafu hulowa, huwa zito na kukuzonga miguuni. Buibui ni vivyo hivyo. Pamba nzito hunywa maji na kuning'inia. Tafuta kitambaa cha kunyumbuka, cha nailoni au poliesta, kinachokaa mwilini na kukauka upesi. Taitsi ndefu na fulana ya mikono ya kitambaa hicho inatosha, na wanaotaka zaidi wapate vazi kamili la kuogelea la stara lenye kofia yake. Wanaume: kaptura yenye kamba kiunoni, na fulana ukitaka.

Mitumba ya soko la Kongowea ina nguo hizi ukiamka mapema. Ukienda kwa fundi, mwambie ni ya majini, ili atumie mshono unaovutika. Mshono wa kawaida utakatika mara ya kwanza ukiinua mkono. Epuka nyeupe na rangi hafifu, zikilowa huonyesha.

Nunua saizi ya mwili wa leo. Nguo uliyoiweka kwa ajili ya "nitakapopungua" itoe kabatini kabisa. Ukiivaa itakubana kutwa nzima, na kila ikikubana itakukumbusha ulichotaka kukisahau.

Mwisho, ijaribu nyumbani. Vaa nguo zote, ingia bafuni, jimwagie ndoo nzima. Chuchumaa, inua mikono juu, inama, kaa. Kama kuna kinachopanda au kuteremka, utakijua hapo, uweke pini au kamba. Simama ukiwa umelowa hivyo kwa dakika chache, nguo imekuganda. Wengi husema hiyo ndiyo dakika ngumu, na ni heri uipitie kwanza ukiwa peke yako mlango umefungwa.

Hatua ya 5: Tayarisha majibu

Sisi watu wa Pwani tunasalimiana kwa miili. "Umenona, ndoa imekukubali!" "Mbona umekwisha hivyo, waumwa?" "Umekuwa mweusi, wafanya kazi ya jua?" Wengi wanasema kwa mapenzi, na bado neno huingia likakaa. Ukiwa na jibu mdomoni mapema halitakupata umeduwaa.

Kwa mkubwa wako, heshima kwanza, kisha geuza mazungumzo: "Shikamoo shangazi. Alhamdulillahi mimi mzima. Na mguu wako, ule uvimbe ulipoa?" Hutakuwa umemvunjia adabu, na mara nyingi atafurahi kuulizwa.

Kwa rika lako unaweza kuwa wazi: "Shoga, mwili wangu leo tuupumzishe. Nipe habari za kazi mpya." Kwa makanga anayekutangaza eti unakaa siti mbili: "Nalipa nafasi moja kama wenzangu," kisha kaa. Kwa mpita njia ufuoni, usijibu kitu.

*Angalia:* usijieleze. Ukisema "ni dawa ninazotumia" au "nimeanza dayati Jumatatu", umefungua baraza, na kila mtu ataleta mwarobaini wake. Na wewe pia acha kuwasalimia watu kwa miili yao. "Nimefurahi kukuona" ni salamu kamili.

Hatua ya 6: Chagua siku na maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa sana baina ya saa nne na saa sita mchana, na utatembea mbali juu ya mwani na mawe kabla hayajafika magotini. Kwa mwenye woga, matembezi hayo marefu mbele ya watu ni mateso ya bure.

Chagua siku za maji mafu, kama wiki moja baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Bahari hubadilika kidogo, na mara nyingi maji huwa yanajaa asubuhi kuelekea saa nne. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia kitabu. Miezi ya upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa upepo wa kusi.

Mahali: ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ndio huo Pirates, au sehemu za Nyali. Mwamba ulio mbele huvunja mawimbi, na ndani yake maji ni mapole. Nenda siku ya kazi, saa moja au saa mbili asubuhi. Jua halijawa kali, na waliopo ni wakimbiaji na wavuvi, watu wenye shughuli zao. Mwezi wa Desemba na siku za Idi pamejaa mno kwa mara ya kwanza. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, nenda ukatembee na kula mihogo, usiogelee: pale ni majabali na mlango wa meli za Kilindini, maji yana kina na nguvu.

Hatua ya 7: Zoea kutazamwa, ukiwa nchi kavu

Fanya mara tatu, siku tofauti. Kila mara uanze kwa kuandika woga wako kwa alama 0 hadi 10.

Mara ya kwanza, tembea Mama Ngina jioni ukiwa umevaa kile unachokikwepa, iwe mikono mifupi, suruali isiyofunikwa na koti, au fulana isiyo pana kama pazia. Mara ya pili, kaa ufuoni ukiwa umeweka mkoba kando, si mapajani. Mikono iwe magotini. Acha tumbo likae linavyokaa. Mara ya tatu, ingia hadi magotini, usimame hapo.

Kila mara kaa angalau dakika 20. Mawazo yakikurudia tumboni, yape kazi ya nje: hesabu ngalawa, sikiliza mwenye madafu anavyopunguziana bei na mteja, angalia kaa akichimba shimo lake. Utaona watu wanakutupia jicho kwa sekunde moja kisha wanarudi kwa watoto wao na viazi karai vyao.

*Angalia:* usiondoke woga ukiwa juu. Ukikimbia ukiwa kwenye 9, mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho unaanza kwenye 9. Kaa hadi ushuke hata kwenye 5.

Hatua ya 8: Ingia, kisha uelee

Naanza na kuelea, sianzi na kupiga mbizi wala kukata maji, kwa sababu kuelea ndiko kunakobadilisha watu. Kwa dakika chache mwili uliokuwa ukiuburura kama mzigo unabebwa.

Jibu la lile swali la mwanzo, la kuelea au kuzama, ni hili: mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, misuli na mifupa ni mizito zaidi, na maji ya chumvi hubeba kuliko maji ya bomba. Kwa hiyo mnene huelea kwa urahisi. Mwembamba naye huelea, ila miguu yake itashuka, na atategemea zaidi hewa ya kifuani.

Ingieni wawili hadi maji yafike kiunoni, yasizidi. Mwenzio asimame ubavuni kwako.

Kabla ya kulala, jifunze kusimama. Kaa majini kama uliyekaa kitini, vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, leta kichwa mbele, kisha teremsha miguu. Rudia hadi iwe haikushughulishi. Anayejua kusimama haogopi kulala.

Sasa mpe mwenzio mgongo. Aweke kiganja kimoja chini ya mabega na kingine chini ya kiuno. Vuta pumzi, jilaze, uache masikio yaingie majini. Hapa wengi huinua kichwa kuangalia tumbo lao, na papo hapo makalio yanazama. Angalia juu mbinguni. Inua kitovu kana kwamba unakikaribisha jua, tandaza mikono, pumua polepole huku ukibakiza hewa kidogo kifuani kila mara. Ndiyo, tumbo litakuwa juu ya maji, na linatakiwa liwe hapo, ndilo linalokushikilia usawa. Ukisikia mwili umelegea, mwambie mwenzio aondoe mkono wa kiuno kwanza, halafu wa mabega.

Mwanamke mmoja wa makamo niliyemshika hivyo alikaa kimya muda mrefu, masikio majini, macho yamefumba. Aliposimama aliniuliza, "Nilikuwa mzito?" Nikamwambia mikono yangu nimeitoa zamani.

*Angalia:* usiende zaidi ya kifuani hata kama unajisikia bingwa. Usitegemee tyubu za kukodisha, upepo huzisukuma nje nawe umelala raha mustarehe. Usiingie peke yako.

Hatua ya 9: Kutoka majini

Hakuna anayekuonya kuhusu hapa, na ndipo aibu inaporudi kwa kishindo: nguo imeganda, maji yanachuruzika, na watu wamekaa wakiangalia upande wako. Panga mapema. Leso iwe na mwenzio au kwenye kamba ya mkoba ulio karibu na maji. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida; ukikimbia umeinama utaonekana zaidi. Yakabidhi macho kitu kimoja mbele, labda mnazi au kibanda, uende hapo. Jifunge leso ukifika, taratibu, kama kila mtu anavyofanya. Kisha kaa, kunywa maji, kula kitu. Usiondoke hapo hapo.

Hatua ya 10: Rudi ndani ya wiki

Ukikaa mwezi, woga hurudi nyumbani kwake. Safari ya pili piga picha moja, mwili mzima, na usiifute kabla ya siku saba kupita. Unaweza kutoionyesha kwa mtu. Watoto wako wataitafuta picha hiyo siku moja, na watataka wakuone wewe ukiwa nao majini.

Ukikwama

*Nilifika nikapanda matatu kurudi.* Umerudi hatua ya 7, basi. Rudia ile ya kukaa na mkoba kando mara kadhaa kabla ya kujaribu tena.

*Kuna walionicheka.* Hutokea, na huuma. Usitoke majini saa hiyo. Sogea mita chache, elea tena, woga ushuke ukiwa bado umelowa. Jioni mweleze mwenzio. Wiki hiyo hiyo rudi, saa ya mapema zaidi.

*Mume wangu anasema nitachekwa.* Muulize kama anaogopa wewe uchekwe au anaona haya yeye. Mwalike hatua ya 7, mtembee wote Mama Ngina. Maneno ya kuudhalilisha mwili wako nyumbani, tena kila siku, ni jambo la kumwambia mtu mzima unayemwamini, usilifanye la kuvumilia.

*Nina mbalanga, wataogopa kuambukizwa.* Mbalanga haiambukizi, si kwa kugusana wala kwa maji. Mwenzio ajue hilo ili ajibu yeye ukichoka. Sehemu zisizo na rangi huungua upesi, zifunike au zipake krimu ya kuzuia jua.

*Nilikuwa natumia mkorogo.* Ngozi iliyochubuliwa haistahimili jua. Vaa mikono mirefu na umwone daktari wa ngozi ukitaka kuacha. Krimu zenye steroidi huachwa kwa utaratibu. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizi huharibu figo, na Kenya imezipiga marufuku zenye zebaki na haidrokwinoni. Tahadhari iyo hiyo kwa vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kificho: vingine ni steroidi, huvimbisha uso na kupandisha sukari na presha.

*Binti yangu wa miaka tisa ameanza kuficha tumbo.* Usimwambie "hujanenepa", maana hapo umekubali kwamba kunenepa ni kosa. Muulize alisikia wapi. Mbele yake acha kuusema vibaya mwili wako, kisha nenda naye majini.

*Nimefanya yote, mawazo hayaniachi.* Ikiwa unaruka milo makusudi, unajitapisha, unakula kwa kujificha hadi kuumia, unatumia saa nzima kila siku kwenye kioo kwa ajili ya kasoro ambayo wengine hawaioni, au unaona heri usiwepo, hiyo imepita mwongozo. Ni ugonjwa unaotibika. Nenda hospitali ya Coast General, au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz, ueleze hivyo hivyo ulivyosoma hapa. Simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199, hailipishwi. Nenda na yule mwenzio wa baharini ikiwa unaona uzito kwenda peke yako.

*Chumvi itaniharibu nywele?* Lowesha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na upake mafuta ya nazi kabla ya kuingia, zisuke mistari, vaa kofia ya kuogelea au kitambaa cha kunyumbuka. Ukitoka suuza siku hiyo hiyo, usilale na chumvi kichwani.